Kutoka Kausha Damu Hadi Kulea Mbwa wa Watu

Mlango wa chumba chetu pale Manzese ulikuwa wa bati, mtu akiugonga unasikika mpaka nyumba ya tatu. Asubuhi moja mwaka 2017 uligongwa kabla jua halijapanda. Niliwavuta wanangu wawili nyuma ya kabati, tukachuchumaa. Nje walikuwa vijana wa kudai marejesho ya mkopo, na daftari lao. "Mama, tunajua umo ndani. Fungua tuongee." Binti yangu alikuwa na miaka 3 na siku hizo kifua kilikuwa kinambana. Kikohozi kilipomjia nikamziba mdomo kwa kiganja, nikawa nausikia mwili wake wote ukitikisika kwa kikohozi kilichokosa pa kutokea. Walipoondoka nikamwachia. Hakulia. Alinitazama tu, na mtazamo ule ninao mpaka leo.

Watu wanaokuja hapa Madale wakaona mabanda 14, sakafu ya saruji na mbwa wa kila namna, swali lao la kwanza huwa mtaji niliupata wapi. Nawajibu kwa hesabu za fedha kwa sababu ndizo walizoziuliza. Ila kazi hii ilinisimamisha, kisha nusura iniangushe tena, kwa jambo lile lile nililolifanya nyuma ya kabati, yaani kuficha, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Mume wangu alikuwa dereva wa bodaboda. Aligongwa na lori mwaka 2016, pikipiki ikiwa bado ya mkataba, kwa hiyo hata ile haikubaki kuwa yetu. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, nikatoka na kuanza kupika vitumbua na maharage kibarazani. Mtaji ulipokatika nikachukua mkopo wa shilingi 400,000. Marejesho yalikuwa 20,000 kila siku kwa siku 28. Piga hesabu uone: 560,000, na kabla hujaigusa ile laki nne wameshakata ada ya fomu. Watu wanaiita mikopo ya kausha damu, na aliyeipa jina hilo hakukosea. Wa pili niliuchukua ili kulipa wa kwanza, na wa tatu ili kulipa wa pili. Waliondoka na friji, wakarudi wakaondoka na televisheni, mwisho wakaondoka na godoro.

Muda wote huo nilikuwa nikipigiwa simu kutoka kwetu Pangani. Mama akiniuliza hali, namjibu biashara inaenda. Kaka akiuliza, biashara inaenda. Nilikuwa na sauti maalumu ya kusemea maneno hayo.

Kaka alikuja Dar es Salaam bila kuniarifu, akakuta tunalala kwenye mkeka. Nilidhani atanikaripia kwa kukopa. Hakuligusa kabisa suala la kukopa. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mdogo wangu, ungesema mwezi wa kwanza ningeuza mbuzi wawili yakaisha. Sasa hivi hata ng'ombe hatoshi." Akawachukua watoto akawapeleka kwa mama, mimi nikatafutiwa kazi za ndani Msasani ili nilipe deni kidogo kidogo. Ilikuwa mwaka 2018. Mshahara ulikuwa 250,000, na 150,000 kati yake ilikwenda kwa wadai kila mwezi.

Nyumba ile ilikuwa ya familia ya Waholanzi, na walikuwa na mbwa. Nimekulia pwani, katika nyumba ya Kiislamu, na ninachokijua tangu chuo cha Kurani ni kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito: yakigusa chombo, kioshwe mara saba, moja iwe kwa udongo. Siku ya kwanza nilikaa jikoni mlango nimeufunga. Mbwa mwenyewe hakuwa wa fahari. Alikuwa koko wa rangi ya kahawia waliyemwokota ufukweni Kunduchi, sikio moja limekatika, wakamwita Pilipili. Alilala nje ya mlango wangu wa jikoni mchana kutwa. Nikitoka anaondoka kunipisha, nikirudi ndani anarudi palepale. Yaani alijua kuwa namwogopa, na akaniachia nafasi. Ilichukua miezi mitatu hivi mpaka nikaweza kumwekea chakula mwenyewe. Nilijitengea gauni la kazi na kandambili za kazi, navyo havikuingia chumbani kwangu hata siku moja.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kule Arusha. Haikupita muda mabosi wangu wakaambiwa na ofisi yao warudi kwao kabla anga hazijafungwa. Masanduku yalifungwa kwa siku mbili. Pilipili hakuweza kwenda, na sababu yake ndiyo iliyogeuza maisha yangu, kwa hiyo niieleze vizuri.

Mbwa anayetoka nchi kama yetu haingii Ulaya kwa kukatiwa tiketi tu. Kwanza awekwe chipu chini ya ngozi, yenye namba yake. Baada ya chipu achanjwe kichaa cha mbwa. Chanjo aliyochomwa kabla ya chipu haihesabiki. Zipite siku 30, atolewe damu, ipelekwe kwenye maabara inayotambuliwa ipimwe kama kinga imetosha. Ikitosha, asubiri miezi mitatu kuanzia siku aliyotolewa damu. Pilipili alikuwa na chanjo, hakuwa na chipu, kwa hiyo kila kitu kilipaswa kuanza upya. Mama mwenye nyumba alikaa sakafuni akamkumbatia mbwa wake huku analia, akaniuliza, "Dada, utaweza?" Kodi ya nyumba ilikuwa imelipwa hadi Septemba. Nikasema nitaweza. Nilikuwa sijawahi kumshika yule mbwa kwa mikono miwili.

Mwezi wa nne nikampeleka kwa daktari wa mifugo, akawekwa chipu na kuchanjwa. Mwezi wa tano mwishoni akatolewa damu. Majibu yalikuwa mazuri, tukaanza kuhesabu miezi. Daktari yule alinifundisha mambo mengi katika safari zile: kumpima mbwa joto (mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo, kwa hiyo usishtuke ukilinganisha na la binadamu), kuangalia fizi kama ni za waridi au zimepauka, kubonyeza ufizi kwa kidole na kuhesabu rangi inarudi baada ya sekunde ngapi, kupekua kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole vya miguu. Niliyaandika yote kwenye daftari la mwanangu la hesabu lililobaki na kurasa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kizimba cha safari. Mbwa wa ndege hukaa ndani ya kizimba ambamo lazima aweze kusimama, kugeuka na kulala. Ukimwingiza kwa nguvu siku ya safari, atajiumiza njia nzima. Nilikiweka kizimba barazani mlango ukiwa wazi, nikawa namwekea chakula karibu nacho, kesho yake mlangoni, wiki iliyofuata ndani kabisa. Mwezi wa saba alikuwa analala humo mwenyewe mchana. Siku ya kuondoka, mwanzoni mwa Septemba, aliingia kama anayeingia nyumbani kwake. Nililia pale uwanja wa ndege, na sikujali nani ananiona.

Katika miezi ile wageni wengine waliokuwa wanaondoka walisikia kuwa kuna dada Msasani anayetunza mbwa wakati taratibu zao zinakamilika. Wa kwanza alimleta Labrador mzee. Kufikia Juni walikuwa mbwa sita na paka mmoja katika ua ule, mabosi wangu wakiwa wameniruhusu kwa moyo mweupe kabisa. Nilitoza 10,000 kwa usiku, chakula juu ya mwenye mbwa. Kwa mara ya kwanza tangu mume wangu afariki nilishika fedha ambayo haikuwa na mtu anayeisubiri mlangoni. Oktoba mwaka huo nilimaliza deni. Nilikwenda na risiti zangu zote, nikawaomba wanigongee muhuri.

Nikapanga kiwanja chenye vyumba viwili na ua mkubwa huku Madale. Jina nikalisajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, nikachukua namba ya mlipakodi na leseni ya halmashauri. Anayefuata utaratibu huo ataona ni kazi ya miguu na subira tu. Kilichokuwa kizito ni majirani na mama yangu.

Majirani walipeleka malalamiko kwa mjumbe, na walikuwa na haki. Mbwa wanane wakibweka saa tisa usiku hakuna anayelala. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwasikiliza. Niligundua kuwa mbwa hubweka usiku hasa akiwa hakuchoka mchana na anapoona njia ya watu, basi nikaziba wavu wa upande wa barabara kwa makuti, na kuwatembeza wote kuanzia saa 11 alfajiri, kabla lami haijapata moto. Wale wenye pua fupi wanahitaji hilo kuliko wote, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na aliyezibwa pua na maumbile hahemi vizuri. Mchana wa Dar unaweza kumuua. Kelele zilipungua, ingawa hazikwisha. Kilichowalainisha majirani kweli ni kwamba kila Septemba, karibu na tarehe 28 ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, nilianza kumleta daktari awachanje mbwa wa mtaa mzima, hata koko wasio na mwenyewe, gharama kwangu. Kuna bibi mmoja aliyekuwa ananitemea mate nikipita. Mwaka wa pili alikuja na mbwa wake amemfunga kwa kanga.

Mama alikataa kuja. Aliniambia kwenye simu kuwa hawezi kusali katika nyumba yenye mbwa, na kwamba kule kwetu watu wanamuuliza mwanawe anakula fedha ya nini. Maneno hayo yaliniuma kwa sababu mwenyewe nilikuwa najiuliza hivyo hivyo. Nilikwenda Pangani kwa mzee aliyenisomesha chuoni, nikamweleza kila kitu bila kuficha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia najisi ni kitu cha kuoshwa, haijawa dhambi. Anayemwosha maiti, anayechinja, anayemuuguza mgonjwa, wote wanajua maji yako wapi. Akanikumbusha kisa cha yule aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa analamba tope kwa kiu, Mungu akamsamehe. Kisha akanionya jambo moja: nisifanye biashara ya kuuza mbwa. Nimelishika. Watu wamenishauri mara nyingi nizalishe watoto wa Rottweiler na Boerboel niuze, na kuna fedha huko. Siuzi. Natoza utunzaji, chakula na kuogesha, basi.

Nilijenga ukuta mfupi kati ya ua wa mbwa na nyumba, mlango mmoja, na hapo pana bomba, ndoo ya udongo safi, na misumari ya kutundikia nguo za kazi. Hakuna anayevuka na kandambili za upande wa pili. Mama aliposikia hayo hakusema kitu, lakini aliacha kuniuliza nakula fedha ya nini.

Sasa nifike kwenye mwaka 2021, sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Mwezi wa sita bwana mmoja aliniletea mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, mweupe, mchangamfu. Akasema chanjo zote amepata. Sikuiomba kadi. Alikuwa mteja mzuri, na nilimwonea haya kumdai karatasi kama polisi. Siku ya pili asubuhi mtoto yule hakugusa chakula. Jioni alitapika povu. Mwenyewe akanitumia ujumbe wa WhatsApp: "Dada, anaendeleaje?"

Nikamjibu, "Anaendelea vizuri kabisa," nikamwambatanishia picha ya jana yake.

Nimeifikiria sana dakika ile. Sikuwa na nia ya kumdhulumu. Nilidhani labda tumbo limevurugika kwa kubadili mazingira, kesho litakaa sawa, kwa nini nimtie wasiwasi mtu aliye safarini. Ndiyo sababu niliyojipa. Ila ukweli ni kwamba niliogopa kusikika kama mtu aliyeshindwa. Ni sauti ile ile ya biashara inaenda. Usiku akaanza kuhara damu yenye harufu ambayo ukishainusa hutaisahau, na mimi nikakesha nikimfuta kwa matambara, badala ya kuchukua bajaji kwenda kwa daktari. Asubuhi daktari hakuhitaji muda mrefu: parvo. Yule mtoto alikufa siku ya nne. Nilimpigia mwenyewe wakati amebakiza masaa tu.

Parvo hushambulia utumbo wa mtoto wa mbwa na uboho unaotengeneza damu, kwa hiyo anapoteza maji na kinga kwa wakati mmoja. Dawa ya kukiua kirusi chenyewe ndani ya mwili wake haikuwepo pale; kinachofanyika ni kumwekea dripu, kuzuia kutapika na kumkinga na maambukizi mengine mpaka mwili ujipiganie. Kila saa ina maana. Mimi nilitupa usiku mzima na mchana wake.

Nilikuwa na watoto wengine wawili wa mbwa katika ua ule. Siku tano baadaye mmoja akazubaa. Nilimwita daktari siku ileile, lakini alikuwa mdogo sana, alikufa. Wa tatu alibakiza chakula kidogo tu kwenye bakuli. Kidogo kabisa, kama vijiko viwili. Mikono ilinitetemeka nikampigia mwenye mbwa, mama mmoja wa Tegeta, saa 4 usiku. Nikamwambia yote: kwamba kuna ugonjwa kwangu, kwamba mmoja amekufa kwa uzembe wangu, kwamba wake huenda anao, naomba ruhusa nimpeleke hospitali sasa hivi. Alinyamaza. Nikasikia anamwamsha mumewe. Akaja mwenyewe na gari, akiwa na kanga na kilemba cha kulalia, tukaenda. Mtoto yule alikaa kwenye dripu siku nne, akapona. Leo ana miaka yake, jina lake Kahawa, na kila Desemba yuko banda la tatu.

Yule bwana wa kwanza alinitangaza kila kundi alilokuwemo, na sikuwa na la kujibu. Kati ya wateja 20 na kitu wakabaki watano. Mwenye mbwa wa pili nilimlipa 600,000 kwa awamu nne, na kila awamu nilimpelekea mkononi. Angeweza kunisamehe, lakini nilitaka nimtazame usoni. Kuna usiku nilikaa kwenye ndoo nikawaza kurudi kazi za ndani. Kaka ndiye aliyenipigia, na safari hii alipouliza hali nikamwambia: kaka, biashara imekufa, nimeiua mwenyewe. Akatuma 300,000. Mbuzi wale wawili, nadhani.

Nilifunga miezi miwili. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi, hata mwaka na zaidi, na udongo hauoshwi. Nikaukwangua udongo wa juu, nikamwaga saruji kila mahali mbwa anapokanyaga. Vyombo na sakafu tunaosha kwanza kwa sabuni mpaka uchafu uishe, ndipo tunapitisha jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, tunaacha dakika 10. Wengi hukosea hapo: wanamwaga jiki juu ya kinyesi, na jiki ikikutana na uchafu inapoteza nguvu. Watoto wa mbwa sikupokea kwa mwaka mzima.

Siku hizi hakuna anayeingia bila kadi ya chanjo, awe mkubwa wa serikali au rafiki yangu wa kikoba. Mtu akiniambia "amechanjwa mara moja", namweleza kwa upole kuwa kinga aliyoipata mtoto kwenye maziwa ya mama yake inaweza kuizuia chanjo isishike, ndiyo maana hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Mgeni mpya hukaa banda la peke yake mbali na wenzake kwanza. Na kabla mwenye mbwa hajaondoka anatia sahihi karatasi inayoniruhusu kumpeleka mbwa kwa daktari bila kumsubiri, na kiasi cha fedha ninachoweza kutumia. Karatasi hiyo imeokoa mbwa wawili ambao wenyewe walikuwa ndani ya ndege.

Kisha kuna daftari. Kila mbwa ana ukurasa wa kila siku: amekula kiasi gani, amekunywa, choo kikoje, joto, ametembea muda gani. Tunawapikia dona kwa mapupu na dagaa, wasio na vyakula vya mfuko. Kitunguu hakiingii jikoni mle kwa sababu huharibu damu ya mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana. Saa 12 jioni kila mwenye mbwa anapigiwa au anatumiwa ujumbe wa kilichoandikwa. Sichagui cha kusema. Amebakiza robo ya chakula, naandika amebakiza robo ya chakula. Mwanzoni wafanyakazi wangu waliona nitawakimbiza wateja kwa habari za kuharisha na kukwaruzana. Wachache waliondoka kweli. Waliobaki ndio walioleta wenzao, na mpaka leo sijalipia tangazo lolote.

Mwaka 2022 jambo hilo lilinirudia kwa upande wa pili. Kijana wangu wa kazi alikuwa amevaa soksi mkononi, anasema amejikata na bati. Nilimtazama, nikaona anavyokwepa macho, nikajua. Nilikuwa mwalimu wa kukwepa macho. Alikuwa ameumwa na mbwa tangu asubuhi na ameficha, anaogopa kufukuzwa. Nikamvuta bombani, tukaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, tukaenda hospitali akaanza sindano. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, maji, sabuni na sindano vinamwokoa. Mbwa yule alikuwa na chanjo, tukamweka chini ya uangalizi siku 10, akawa mzima. Jioni nilimwambia kijana kuwa hapa kwangu hakuna atakayefukuzwa kwa kuumwa, kwa kuvunja, wala kwa kumwachia mbwa akatoka. Atakayeficha ndiye tutakayekaa chini na kuzungumza. Nikamweleza habari ya kabati la Manzese. Sikuwahi kumwambia mfanyakazi yeyote kabla ya hapo. Wafanyakazi wote sasa wanachomwa chanjo ya kichaa kabla hawajaanza kazi, mimi nikiwa wa kwanza.

Wanangu walirudi kwangu mwaka 2022. Wa kwanza yuko sekondari na hana habari na mbwa, anapenda mpira. Binti ndiye anayeingia mabandani akitoka shule, na kila akikohoa mimi nageuka. Sikopi tena kwa watu wa mtaani. Niko kwenye kikoba cha akina mama 25, tunakutana Jumamosi, na mtu akikwama anasema mbele ya wote, tunagawana mzigo. Desemba na Pasaka mabanda hujaa na napokea simu mpaka nachoka kukataa. Februari naweza kuwa na mbwa watatu tu, na wafanyakazi wawili wa kulipa, na bado mwezi huo sijaupatia dawa.

Mwaka jana mama aliugua macho, ikabidi aje kutibiwa Muhimbili. Alifika na mswala wake na birika lake. Wiki ya kwanza alikaa chumba cha nyuma. Wiki ya pili akahamishia kiti barazani, upande wetu wa ukuta, kwa sababu huko kuna upepo. Alikuwa anapasua mbaazi na kuwatazama mbwa kwa jicho lililokuwa zima. Sikumwuliza kitu na yeye hakusema kitu.

Jioni moja nilikuwa naogesha mbwa, kijana anapitisha mabakuli, simu yangu iko mezani barazani. Ilikuwa karibu saa 12. Nikasikia sauti ya mama inatoka juu ya ukuta.

"Wewe! Yule mweusi wa pembeni hajala. Toka jana hali. Mpigie mwenyewe."

Nikaacha bomba likitiririka, nikanawa, nikabadilisha kandambili, nikavuka. Alikuwa ameshaichukua simu yangu mezani, ameinyoosha mkono kunipa.